Cherehani Kikigoma, Usikimbilie Bisibisi

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa cherehani mbele ya wahitimu wa kisomo wa kikundi cha ushonaji, katika kijiji kimoja mkoani Mwanza. Tumeyaandika kama alivyoyasema. Tumepunguza marudio tu.)

Ndugu mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba wachache mliojificha pale mlangoni!

Nimeitwa hapa kuzungumza juu ya kutengeneza cherehani. Mwenyekiti wenu aliniambia, "Fundi, tuna vyerehani vinne, viwili ni vibovu." Leo asubuhi nimevitazama vyote viwili. Kibovu sikukiona. Kimoja kilikuwa na sindano iliyopinda. Cha pili kilikuwa na uchafu chini ya meno, mwingi kama pamba ya kujazia mto. Sasa vyote viwili vinashona. Na hicho cha pili, nasikia, mlikuwa mmekwisha kupata mtu wa kukinunua kwa bei ya chuma chakavu! Kichwa kizima cha cherehani, mnakitoa kwa kilo kama sufuria lililotoboka.

Msione haya. Mimi nilifanya baya kuliko hilo, nami nitawaeleza.

Mama yangu alikuwa mwanakisomo kama ninyi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mama akajiandikisha. Alipokwisha kujua kusoma namba akajifunza kupima kwa futi ya ushonaji. Baadaye akanunua cherehani cha kukanyaga kwa mguu, kilichokwisha tumika. Kwa cherehani hicho tulikula, tulivaa, na watu walituheshimu.

Mwaka 1983 bidhaa zilikuwa adimu nchini. Mnaokumbuka mnakumbuka. Sabuni kwa foleni, uzi kwa kutafuta. Mdogo wangu wa kike alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na mama alikuwa amepokea vitambaa vya sare za watoto wa majirani ili apate fedha ya godoro na sanduku la shule. Siku hiyo mama alikwenda msibani. Mimi nikakaa kwenye cherehani chake nishone kiraka cha suruali yangu. Uzi ukakatika. Nikautunga upya, nikaendelea. Mara chini ya nguo naona vitanzi, uzi umejiviringa kama kiota cha ndege.

Basi mimi, kijana najiona fundi, nikachukua bisibisi. Nikafungua ile nati ya mbele inayokaza uzi. Nikaigeuza, nikaigeuza, mpaka ikatoka. Springi ndogo iliyokuwa ndani ikaruka, ikaangukia mchangani nje ya mlango. Tulichekecha mchanga ule kwa ungo siku mbili. Hatukuiona.

Madukani springi hazikuwapo. Cherehani kilikaa miezi minane kimefunikwa kanga. Mama alirudisha vitambaa vya watu nyumba kwa nyumba, na kila nyumba anaeleza habari ile ile. Mdogo wangu alifika shuleni amechelewa wiki sita, na godoro la kuazima. Mama hakunipiga. Alinyamaza tu, na mimi ningeona nafuu kama angenipiga.

Mwisho tulipata springi kutoka kwenye cherehani kilichokufa cha fundi mmoja mjini Mwanza. Mzee yule aliifunga, akatunga uzi, akashona. Kisha akauliza, "Siku ile kilipoanza kuharibika, nani alitunga uzi?" Nikasema ni mimi. Akaniambia nimwonyeshe nilivyotunga. Nikaonyesha. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nilikuwa nimeuruka ule mkono unaopanda na kushuka. Uzi haukupita kwenye tundu lake. Basi. Cherehani hakikuwa na ugonjwa wowote mpaka nilipoanza kukitibu.

Yule mzee akawa mwalimu wangu. Haya nitakayoyasema mengi nimeyapata kwake.

Kwanza mjue mshono unafanywaje, maana asiyejua mshono hawezi kujua kosa. Cherehani kina nyuzi mbili, uzi wa juu na uzi wa chini wa bobini. Sindano ya mkono ina tundu nyuma. Ya cherehani ina tundu mbele, karibu na ncha. Mmarekani mmoja, Elias Howe, alipewa hati ya cherehani cha namna hii, chenye nyuzi mbili, mwaka 1846. Isaac Singer akapewa ya kwake mwaka 1851. Mpaka leo namna ya kushona ni ile ile. Sindano inashuka na uzi wa juu, inatoboa kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi unabaki nyuma kidogo, unafanya kitanzi kidogo sana. Hapo chini kuna chuma chenye ncha kama ndoana. Ncha ile inakamata kitanzi, inakizungusha kuipita bobini, na uzi wa chini unakuwa umenaswa ndani. Halafu ule mkono wa juu unapanda na kuvuta, fundo linakaa katikati ya kitambaa. Katikati, si juu wala chini. Huo ndio mshono mzuri.

Sasa tazameni. Nimeweka uzi mwekundu juu na mweupe chini. Nanyi mkiwa na mashaka fanyeni hivi hivi, kwenye kipande cha kitambaa kisicho cha mteja. Juu ya kitambaa tunaona wekundu mtupu. Tukigeuza, weupe mtupu. Vizuri. Sasa nalegeza uzi wa juu. Geuzeni, mnaona nini? Wekundu umejaa chini, vitanzi vitupu. Kitanzi kimeonekana chini, lakini kosa liko juu! Hapa ndipo wengi tunapotea. Tunaona uchafu chini, tunaanza kuifungua bobini, tunaibana skrubu yake, tunaharibu kitu kizima. Shikeni neno hili la mzee wangu: kosa likionekana chini, litafute juu. Likionekana juu, weupe umevutwa ukatokeza usoni mwa nguo, basi uzi wa juu umebana mno, au wa chini umelegea.

Kabla hujagusa nati yoyote, toa uzi wa juu wote, utunge upya tangu mwanzo. Na uinue mguu wa cherehani wakati wa kutunga. Kwa nini? Uzi unapita kati ya visahani viwili vinavyoubana. Mguu ukiwa juu, visahani vimeachana, uzi unaingia ndani. Mguu ukiwa chini, vimebanana, na uzi wako unaweza kukaa pembeni unakudanganya. Ukimaliza, jaribu kwa mkono. Vuta uzi mguu ukiwa juu: unakuja bure. Teremsha mguu, vuta tena: sasa unakuwa mzito. Kama hauwi mzito, uzi haumo kwenye visahani, au kuna takataka katikati yake. Chukua kipande cha uzi mnene au kitambaa chembamba, pitisha kati ya visahani, safisha. Vitanzi vingi vinaishia hapo.

Naona mama mmoja anatikisa kichwa. Unasema cha kwako umetunga upya mara kumi na bado kinaruka, kinaacha pengo? Asante mama. Kuruka ni habari nyingine, na hapo tutazame sindano.

Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika cherehani, na ndicho tunachokionea choyo. Mtu anaitumia tangu sikukuu hadi sikukuu. Ukishona kwa muda wa saa nane hivi, sindano imeanza kuchoka, na ukishona khaki inachoka mapema. Ilaze juu ya kioo cha dirisha, hata kioo cha simu yako, upande wake wa bapa chini, uitazame kwa jicho moja. Mwanga kati ya sindano na kioo uwe sawasawa kutoka shina mpaka ncha. Ukiona umepunguka au umeongezeka upande mmoja, imepinda, itupe. Mahali salama, jamani, watoto wanatembea pekupeku. Halafu pitisha ncha polepole kwenye ukucha. Ikikwaruza, ina kinundu, nayo ndiyo inayovuta nyuzi za kitambaa.

Sindano ina upande wa bapa juu kwenye shina, na upande wa pili ina mfereji mrefu. Mfereji huo ni barabara ya uzi. Uzi unaingia tunduni kutokea upande wa mfereji, unatokea upande wa bapa. Tazama kile kishikizo cha mwisho cha uzi, kilicho karibu kabisa na sindano. Upande kilipo, mfereji uelekee huko huko. Kwenye cherehani changu, ambacho bobini yake inaingilia kushoto, mfereji unatazama kushoto na bapa linatazama kulia. Ukiigeuza, ndoana haikamati kitanzi, na kushona hakuna. Tena isukume juu mpaka igote, ndipo ukaze. Ikikaa chini hata kwa unene wa ukucha, itaruka.

Ninyi mmesoma, basi someni pakiti. Imeandikwa namba mbili, kwa mfano 90/14. Hiyo 90 ni unene wa sindano kwa sehemu mia za milimita, kwa hiyo ni milimita 0.9. Hiyo 14 ni hesabu nyingine ya unene ule ule. Kwa kanga na kitenge chukua 80/12 au 90/14. Kwa khaki ya sare, 100/16. Kwa jinzi au turubai, 110/18. Kwa vitambaa vyepesi vya kuteleza, 75/11. Mama yangu alikuwa akiniambia kwamba kisomo chake kilimlipa siku ile alipoacha kununua sindano kwa kuonyesha kidole.

Na angalieni dukani. Kuna sindano za vyerehani vya kiwandani, shina lake ni la mviringo, halina bapa. Wauzaji wengine wanazichanganya. Hata ikiingia kwenye cherehani chako cha nyumbani, haikai mahali pake.

Sasa mama, cha kwako tutazame. Ehee. Sindano imegeuzwa. Nani aliibadilisha? Haya, sitauliza, nisije nikawa kama yule mzee.

Tuje kwenye uchafu. Sisi huku tunashona pamba, na pamba inatoa vumbi. Linashuka chini ya kibati cha sindano, linakutana na mafuta, linashindiliwa kati ya meno mpaka linakuwa gumu kama kipande cha kofia. Meno hayapandi tena, kwa hiyo nguo haiendi. Mshonaji anaanza kuivuta nguo kwa mkono. Akivuta anapindisha sindano, sindano inagonga kibati, inakatika. Mnaona ugonjwa mmoja unavyozaa mwingine? Fungua skrubu mbili za kibati, ziweke kwenye kisosi. Kisosi, nimesema, si mchangani! Tumia brashi ndogo au mswaki wa zamani, na kijiti. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji na maji ni kutu. Toa bobini na kikasha chake, futa pale kinapokaa. Mara nyingi utakuta kipande cha uzi kimejificha pembeni. Uzi mfupi kama kope unaweza kukifanya cherehani kiwe kizito kama jiwe la kusagia.

Mafuta. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mafuta ya kula si mafuta ya cherehani. Yanaganda, yanakuwa gundi. Oili chafu ya gari nayo ina vumbi la chuma ndani yake. Nunueni mafuta ya cherehani, yale mepesi, meupe kama maji. Tone moja kila tundu, na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Tone moja, si kumwaga kama unakaanga. Anayeshona kutwa atie kila siku, anayeshona mara moja moja atie kwa wiki. Ukimaliza shona kitambaa kikuukuu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke, usije ukalipa shati la mtu. Usitie mafuta kwenye visahani vya uzi, wala kwenye mkanda, wala kwenye mpira mdogo wa kujazia bobini.

Kama cherehani kimekaa miaka na mafuta yamegandia, tia matone ya mafuta ya taa kwenye matundu, kizungushe polepole kwa mkono, kiache usiku mmoja, mbali na moto na kibatari. Kesho futa uchafu utakaotoka, ndipo utie mafuta ya cherehani. Usiache mafuta ya taa peke yake, yanakausha.

Kikiwa kizito, jua kwanza uzito uko wapi. Vua mkanda. Zungusha kichwa kwa mkono, gurudumu lije upande wako. Kama ni chepesi, basi uzito uko chini kwenye miguu, tia mafuta kule kwenye pedali na gurudumu kubwa. Mkanda wa ngozi ukilegea unateleza. Kata kipande kidogo sana, uunge tena. Ukikata sana utabana, na hapo umejitafutia uzito mwingine.

Kuna mambo madogo ambayo watu wanalipia fedha nyingi. Namjua mama mmoja aliyepakata kichwa cha cherehani kwenye basi mpaka mjini. Gurudumu lilikuwa linazunguka, sindano imesimama. Kumbe baada ya kujaza bobini hakukaza ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Akatozwa fedha ya kugeuza nati! Na kama umeifungua kabisa, ukairudisha na haikazi, toa ile washa yenye masikio, igeuze nusu duara, urudishe tena. Nguo isipokwenda na meno ni masafi, tazama namba ya urefu wa mshono, labda iko kwenye 0.

Uzi wa chini nao una mizani yake. Weka bobini kwenye kikasha, kining'inize kwa uzi wake, utikise mkono kidogo. Kikishuka kidogo kikasimama, ni sawa. Kikianguka mpaka chini, kimelegea. Kisiposhuka kabisa, kimebana, lakini safisha kwanza chini ya kile kibati chake chembamba. Ikibidi kugeuza skrubu yake, geuza kama mshale wa saa unavyokwenda dakika tano, si zaidi, ujaribu tena. Ni skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Mimi ninapoigusa natandika kitambaa cheupe chini. Mnajua kwa nini.

Na yapo msiyopaswa kugusa. Ule mti unaobeba sindano una kimo chake, na ndoana ina wakati wake wa kukutana na sindano. Vikipishana hata kidogo, cherehani kinaruka au hakishoni kabisa. Ukiisha kutunga upya, kubadili sindano, kusafisha, kutia mafuta, na bado hakishoni, hapo mwite fundi. Mpe kile kitambaa chenye kosa akione, maana kitambaa kinasema. Akibadilisha chuma chochote, mwambie akupe kile cha zamani mkononi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mimi sikasiriki.

Kwa wenye cherehani cha umeme, yote ni yale yale, ila chomoa waya kwanza. Na hata cha mguu, ondoa mguu kwenye pedali kabla hujaweka kidole karibu na sindano. Nina kovu hapa la kuwaonyesha.

Muda wangu naona umekwisha, lakini nimekitazama pia kile cherehani cha tatu, mnachosema ni kizima. Kinalia. Chuma hakilii bure. Dada, niletee kisosi na ule mswaki. Na wewe bwana uliye mlangoni, ingia, wewe ndiye utakayefungua kibati.